Jina Asilolitaja Mganga

Anayefika kwa mganga wa mitishamba pale Mirongo huanza na mwili. Tumbo linasokota. Mtoto anaharisha. Kiuno hakimruhusu kuinuka asubuhi. Mganga humsikiliza, kisha huuliza: yalianza lini, yanazidi usiku au mchana, mkojo una rangi gani, hospitali ulikwenda, walikupa nini? Hapo mazungumzo huenda vizuri. Swali gumu huja baadaye, wakati dawa imekwisha fungwa kwenye karatasi, mgonjwa ameaga na kuinuka, kisha akakaa tena. "Babu, na aliyenifanyia hivi ni nani?"

Nimelifikiria sana swali hilo, na zaidi nimefikiria jibu lake. Ninaamini kwamba thamani ya mganga haipimwi kwa wingi wa miti anayoijua. Hupimwa hapo, kwa anachokifanya anapoombwa jina la mtu.

Mirongo ni kata ya katikati ya Jiji la Mwanza, yenye jina moja na mto unaokatiza kwenye makazi ya watu na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Wasukuma wapo, Wakerewe wapo, Wajita, Wahaya, Waha na Wakurya nao wapo. Kwa hiyo mganga wa mjini humhudumia mtu asiyeujua ukoo wake wala kijiji chake. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, nami nitalirudia.

Kazi yenyewe ni ya subira. Karibu na jiji miti imekwisha, hivyo dawa hutafutwa mbali, upande wa Magu, Misungwi au Kwimba, na ziko zinazotoka Shinyanga, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 uliwasaidia wafugaji kurudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, na pamoja na malisho ikarudi miti ambayo wazee walikuwa wamekwisha kuisahau. Mwenye adabu ya kazi huchimba mzizi upande mmoja tu wa mti na kufukia shimo. Gome hulichukua vipande vipande, wala halizungushi shina lote, kwa maana chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome hilo hilo, na mti uliochunwa mzingo mzima hufa. Majani huanikwa kivulini. Yakipigwa na jua kali hupoteza harufu, na kwa mimea mingi harufu hiyo ndiyo yenye mafuta ya dawa. Ndipo hufuata kutwanga, kuchekecha na kufunga: mlundalunda kwa tumbo, mjafari kwa homa, mwarobaini, mlonge, magome ambayo muuzaji huyataja kwa Kisukuma na mnunuzi huyataja kwa lugha ya kwao.

Sisemi kwamba kila kimoja kati ya hivyo kinatibu kama kinavyosifiwa. Kipimo ni tatizo la kweli. Mzizi wa mti mmoja hauna nguvu sawa na wa mti mwingine, na iko mizizi ya porini ambayo kijiko kimoja cha ziada kinaweza kuua. Lakini dawa ina uaminifu wake: mwili huijibu. Mganga akikosea, ataona homa haishuki, naye akiwa mkweli atabadilisha dawa au atamwelekeza mgonjwa kwingine. Pakanga, mmea unaotupa kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria tunayopewa leo zahanati, ulisumbua watafiti wa China mwanzoni kwa sababu kuuchemsha kuliharibu dawa iliyomo. Mmoja wao, Tu Youyou, alirudi kwenye maandishi ya kale ya tiba, akaona yanasema mmea ulowekwe na kukamuliwa, akajaribu njia isiyotumia moto mkali. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kosa lake la kwanza lilionekana, ndiyo maana liliweza kusahihishwa.

Jina la mtu halina kipimo cha namna hiyo. Mganga akisema ni shangazi yako, au ni jirani wa kisimani, hakuna homa itakayopanda au kushuka kuonyesha kwamba amekosea. Mgonjwa akipona, jina limethibitika. Asipopona, basi shangazi ana nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Ni neno lisiloweza kushindwa, nami naogopa neno lolote la namna hiyo linapotoka kinywani mwa mtu anayeaminiwa na wagonjwa.

Haki itendeke kwa mapokeo. Kwa Wasukuma, nfumu, yaani mganga, tangu zamani aliweza kuwa mtu wa miti na mtu wa kubashiri pia, na vifaa vya kazi hizo zote mbili viko kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Wala si kila ramli iliumiza mtu. Iko iliyosema kwamba wahenga wamesahauliwa, watu wakachinja mbuzi, ndugu waliokuwa hawasalimiani wakala sahani moja, na mgonjwa akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Hiyo siilaumu. Tunachokiita leo ramli chonganishi ni kingine: kidole kinachomwonyesha mtu aliye hai, mwenye nyumba na njia ya kupita jioni.

Tena swali la mgonjwa si la kijinga. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa Sudan Kusini na kuandika habari zao mwaka 1937, alisimulia jinsi walivyojua vizuri kabisa kwamba ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Hospitali haina jibu la swali hilo. Daktari ana mgonjwa mwingine mlangoni, na vipimo vyake havimwelezi mama kwa nini ni mwanawe na si mtoto wa jirani. Mtu huyo akishuka kutoka kilima cha hospitali ya Bugando na cheti mkononi, bado amebeba swali zima, naye hulipeleka kwa yule mwenye muda wa kukaa naye.

Kandokando ya ziwa hili swali hilo limepata majibu mabaya mara nyingi. Chukua kichocho cha tumbo. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini, huingia kupitia ngozi ya mvuvi au mtoto anayeoga, na kwa miaka mingi huharibu ini polepole, hadi tumbo linajaa maji na mtu mzima mwenye nguvu anaanza kutapika damu. Familia inayoona hayo bila kujua habari ya konokono itaanza kuulizana: alikosana na nani mwaloni, nyavu za nani zilikatwa? Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipojulikana mkoani Kagera, watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa mpakani, na wengi walishikilia kwamba ni uchawi wa madeni ya biashara ile. Wakati majina ya wadaiwa na wadai yakitafutwa, virusi viliendelea na safari yao.

Halafu wako waliouawa. Vikongwe wa Usukuma walipikia kinyesi cha ng'ombe na vijiti vibichi, kwa kuwa kuni hazikupatikana, moshi ukayafanya macho yao kuwa mekundu, na macho hayo yakawa ushahidi. Katikati ya miaka ya 1970 vyombo vya dola viliendesha operesheni mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kuyakomesha mauaji ya watu walioitwa wachawi. Waliokamatwa walikuwa wengi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mahabusu. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwagusa kwa mkono wake, lakini alijiuzulu kwa kuwajibika. Namheshimu kwa hilo. Na kila nikilikumbuka najiuliza ni mpiga ramli gani aliyewahi kusimama mbele ya kijiji akasema: jina lile nililitaja mimi, naomba kuwajibika.

Hapa ndipo narudi kwenye ugeni wa mjini. Mganga wa kijijini aliyetaja jina aliishi na matokeo yake. Alikutana na watoto wa marehemu kisimani. Aliye katikati ya jiji anaweza kumtaja mtu wa Sengerema au Kwimba ambaye hatamwona maisha yake yote. Jina hupanda basi asubuhi pamoja na mteja, na mganga huyo hukunja mkeka na kumpokea mwingine. Kwake halina gharama yoyote.

Serikali imejaribu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza na utaratibu wa kuwasajili waganga. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipochafua Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza Januari 2009 kufuta vibali vya waganga wa jadi, na Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, akatangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Naelewa hasira iliyozaa matangazo hayo. Yapo makaburi nyuma yake. Lakini tangazo la 2009 liliwaweka kwenye kapu moja mama anayeuza magome ya tumbo na yule anayeagiza viungo vya binadamu. Mama akafunga biashara. Yule mwingine, ambaye hakuwahi kuhitaji kibali, alihamia chumba cha nyuma.

Yule mganga mwema hujibu nini basi? Waganga hawana maneno sawa, lakini maana huwa kama hii: "Mwanangu, mimi nina miti. Jina sina." Kisha hamfukuzi mgonjwa. Huuliza nyumbani kukoje, yule kaka mliyegombania shamba mmeongea, mama yako ulimwona lini? Mara nyingi jina ambalo mgonjwa anataka apewe tayari analo moyoni, amekuja kulitafutia muhuri, na kumnyima muhuri huo kunahitaji ushujaa. Tumbo likiwa limejaa maji, mganga humwambia kabla hajaondoka aende hospitali wiki hii hii, na magome asiyanywe mpaka apimwe. Mkoani Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga wa jadi na watumishi wa hospitali ya Bombo walifanya kazi pamoja kwa wagonjwa wa UKIMWI, wakipelekeana watu na kutembeleana. Lile liliwezekana kwa sababu kila upande ulikubali kusema mbele ya mgonjwa kwamba kuna kitu hauna.

Mganga huyu hupoteza wateja. Mgonjwa aliyenyimwa jina huvuka barabara na kufuata bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, linaloahidi kumrudisha mpenzi, kuongeza mshahara na kumwonyesha adui kwenye kioo, na huko hulipa mara kumi ya bei ya magome bila kunung'unika. Desturi ya zamani ya kutoa kidogo mwanzoni na kuleta mbuzi baada ya kupona ilimlinda mtu mkweli, kwa kuwa malipo yalisubiri mwili. Mjini kodi ya chumba haisubiri. Wapo waganga wazuri walioanza kutaja majina kwa sababu ya kodi hiyo, nami siwezi kuwahukumu bila kuwahukumu pia wateja waliowasukuma, na hao ni sisi.

Mratibu wa tiba asili wa halmashauri anapokwenda kumkagua mganga, aangalie kama dawa zimewekwa mahali pakavu na kama kibali kiko ukutani. Halafu akae kidogo, amwulize habari za watu waliokuja kutafuta jina: uliwaambia nini, na waliondoka vipi? Yuko mjukuu anayetwanga dawa nyuma ya pazia, na majibu hayo atayasikia pia.