Nani Aliuua Ufalme wa Vugha?

Ukiuliza ufalme wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kutoka mji wao mkuu wa Vugha, ulikufa lini, wengi watakutajia 1895, Wajerumani walipomnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, mwana wa Semboja. Nasema ulikwisha kufa zamani, na waliouua ni Wakilindi wenyewe. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, hakuitwaa Usambara kwa vita. Masimulizi yanasema aliwaua nguruwe waliomaliza mashamba, akagawa nyama, akaamua kesi, ndipo akatawazwa. Kimweri ye Nyumbai, mzao wake aliyetembelewa Vugha na mmisionari Krapf mwaka 1848, alitawala hadi 1862 juu ya msingi huo: mbuzi na mazao ya kodi yalipanda Vugha, na uganga mkuu wa mvua ulikuwa wake. Wasambaa walimpima mtawala kwa jambo moja, je, anaiponya nchi au anaiharibu? Nguvu moja ikitulia, mvua hunyesha; nguvu mbili zikishindana, njaa huingia.

Alipokufa, ufalme ulirithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, tambarare chini ya milima, penye njia ya misafara, ambako pembe na watumwa vilibadilishwa kwa bunduki na baruti. Akamfukuza mjukuu huyo, akamweka mwanawe Vugha. Tangu hapo mkuu hakuhitaji tena mbuzi wa mkulima. Alimhitaji mkulima mwenyewe, amuuze. Wabondei, majirani waliokuwa chini ya Vugha, wakaasi, wakawatimua Wakilindi kutoka kwao.

Kuna atakayesema mfalme haleti mvua, kwa hiyo yote yalikuwa hadaa. Sikatai kwamba haleti. Ila imani hiyo ilimtwisha deni: jua likiwaka, yeye ndiye anayeulizwa. Mwenye baruti haulizwi na mtu. Hoja nzito zaidi ni kwamba hata enzi ya Kimweri palikuwa na watumwa na dhuluma. Ni kweli, na siutetei ufalme huo kama pepo iliyopotea. Ninachokitetea ni kile kipimo, kwa kuwa kilikuwa mali ya wakulima wala si ya ikulu, na kwa hicho waliweza kumhukumu hata Kimweri. Ndiyo maana hakikuzikwa pamoja na ufalme: katika miaka ya 1950, wakulima wa Usambara walipokataa kilimo cha matuta cha kulazimishwa na Waingereza, machifu wao walihukumiwa kwa kipimo hichohicho.