Toka Juu Huonekana Vichwa Tu



Fungueni Injili ya Luka Mtakatifu, mlango wa 19, na ile ya Yohana, mlango wa 13. Isomeni milango hiyo nyumbani pamoja na watoto, maana maneno yetu ni machache na Neno la Mungu ni kubwa.

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi na za kipaimara, alituletea picha baada ya Misa. Aliipiga mjini Tunduma, toka roshani ya ghorofa ya tatu, saa kumi na moja jioni. Hakuitoa kwa rangi, bali kwa nyeusi na nyeupe, kama picha za studio ambazo wazee wetu bado wamezitundika ukutani. Picha yenyewe ni ya barabara. Malori yamepangana kuelekea mpaka wa Zambia. Mama mmoja ana beseni la ndizi kichwani. Wabadili fedha wameketi kwenye viti vyao, bodaboda wanasubiri abiria, na vijana wa mikokoteni wanasukuma mizigo yao katikati ya watu. Kwa kuwa ilipigwa toka juu, hauonekani uso hata mmoja. Ni vichwa, kofia na mizigo tu. Jua lilikuwa limeinama, hata vivuli vya watu vikawa virefu kuliko watu wenyewe.

Tuliipokezana pale chini ya mti, tukaisifu sana. Mmoja wetu alisema watu wanafanana na siafu. Mwingine alisema ni picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda. Ndipo ikamfikia mama mmoja mjane. Aliishika muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole juu ya kichwa kimoja kidogo karibu na lori, akasema, "Huyu ni wangu."

Tulimwuliza amemjuaje, maana uso hauonekani. Akatujibu, "Tazameni kivuli chake. Gunia liko bega la kushoto. Mkono wake wa kulia ulivunjika alipoanguka toka kwenye mparachichi, akiwa darasa la nne, na tangu siku ile hakuweza tena kubeba kwa bega la kulia."

Hakuna aliyesema neno tena. Kijana yule tulimfahamu sote. Alibatizwa hapa kwetu, akapata kipaimara hapa, na kwa miaka miwili ndiye aliyepiga kengele ya kanisa. Aliondoka Ikinga miaka sita iliyopita kwenda kutafuta maisha. Mwaka wa kwanza tuliuliza habari zake. Mwaka wa pili tulimtaja katika sala. Mwaka wa tatu tulifungua daftari la mtaa, tukaandika neno moja pembeni ya jina lake: "Hayupo." Neno hilo tuliliandika sisi, kwa kalamu yetu wenyewe, wala hatukumwuliza mama yake.

Ndugu zangu, Tunduma si ng'ambo ya bahari. Mtu akitoka kwetu alfajiri, anafika na kurudi siku hiyo hiyo. Tunakwenda huko kununua mabati na mbolea, na kuwapokea wageni wetu watokao Mbeya. Tumepita barabara ile mara ngapi, na yeye yupo? Tulikuwa na haraka.

Yako mambo ya kale yanayofaa kutufundisha hapa. Mwaka 1838 Mfaransa mmoja aitwaye Louis Daguerre aliweka chombo chake cha kupigia picha dirishani, juu, akakielekeza kwenye barabara kubwa ya mji wa Paris iitwayo Boulevard du Temple. Siku hizo picha zilitokea kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, nalo lilihitaji kukaa wazi dakika kadhaa ili lipokee nuru. Barabara ile ilikuwa imejaa watu na magari ya farasi. Lakini picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu! Kila aliyekuwa akienda mbio alipita mbele ya chombo asiache alama yoyote. Samuel Morse, yule Mmarekani anayejulikana kwa mambo ya simu ya maandishi, aliiona picha hiyo mwaka 1839, akawaandikia watu wa kwao juu ya ajabu hiyo.

Lakini barabara haikuwa tupu kabisa. Pembeni, chini ya miti, alionekana mtu mmoja aliyesimama, ameweka mguu mmoja juu ili ang'arishiwe kiatu, na mbele yake mtu aliyemwinamia, anayekipiga brashi. Hao wawili wanahesabiwa kuwa watu wa kwanza kuonekana katika picha. Majina yao hayajulikani. Mabwana waliopita kwa magari yao siku ile hawaonekani. Aliyebaki ni mtu aliyetulia, pamoja na maskini aliyeinama miguuni pa mwenzake.

Wapendwa, mwamwona ni nani mwingine aliyeinama miguuni pa watu? Yohana anatueleza. Usiku ule kabla ya kuteswa, Bwana wetu aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akawaosha wanafunzi wake miguu. Hakuwa na haraka, ingawa saa yake ilikuwa imefika. Petro alikataa, kwa maana aliona si haki aliye juu awe chini. Naye aliambiwa kwamba bila hivyo hana sehemu na Bwana.

Sisi wanadamu twapenda kupanda. Baada ya dirisha la Daguerre, Mfaransa mwingine, Nadar, alipanda puto mwaka 1858 akapiga picha toka angani. Mwaka 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliruka kwa ndege juu ya Kilimanjaro akaupiga picha. Leo ziko ndege nyuki zinazozunguka juu ya harusi zetu, na satelaiti zinazopiga picha ya mashamba yetu ya kahawa na mapaa ya nyumba zetu. Hatusemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Picha ya toka juu yaweza kutuonyesha jinsi sote tulivyo wadogo, na ile isiyo na rangi yatuzuia tusitazame mavazi ya mtu. Lakini kutazama toka juu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mfalme Daudi naye alitazama toka juu ya dari, na mnajua yaliyompata yeye na nyumba ya Uria.

Zaburi ya 33 yatufundisha kwamba Mungu huwatazama wanadamu wote toka mbinguni. Kama angeishia hapo, tungekuwaje? Angetuona vizuri, naye angebaki huko huko. Habari Njema ni kwamba alishuka. Alizaliwa na Bikira Maria, akatembea barabarani kwa miguu, akapata vumbi. Mwanadamu apanda apate kuona. Mungu ashuka apate kuokoa.

Ndiyo maana katika Luka 19 mambo yamegeuka. Zakayo, aliye mfupi, alipanda mti ili atazame barabara toka juu. Alitaka kuona tu, asionekane. Lakini Bwana alisimama chini ya mti ule. Umati ulikuwa unasonga, naye akasimama! Aliinua macho, akamwita kwa jina lake, akamwambia ashuke upesi, kwa kuwa siku ile atashinda nyumbani mwake. Katika mlango huo huo Bwana anaukaribia Yerusalemu, akishuka mlima wa Mizeituni. Auona mji wote mbele yake, na machozi yanamtoka. Wala hakuishia kulia. Aliteremka akaingia ndani ya mji ule, akijua kuna nini huko.

Basi, na sisi tufanye nini? Jumamosi iliyopita wazee wawili wa kanisa, pamoja na mama yule na mpiga picha wetu, walikwenda Tunduma. Walisimama mahali pale pale panapoonekana katika picha. Walipata watu wanaomfahamu. Wengine walisema amevuka kwenda Nakonde kupakia mizigo. Wengine walisema hurudi mwisho wa mwezi. Mama lishe mmoja alisema kijana huyo ni mwaminifu, hulipa deni lake, lakini akiulizwa kwao hunyamaza. Walimwachia mama huyo ujumbe na namba ya simu, wakarudi. Mpaka tunaandika maneno haya, simu haijaita.

Hatuwezi kuwaambia, basi, kwamba amepatikana. Twaweza kuwaambia haya tu: neno lile katika daftari tumelipiga mstari. Pembeni yake sasa imeandikwa, "Anatafutwa." Tulipoendelea kufungua kurasa tuliona ya kuwa neno "Hayupo" liko mahali pengi, kwa mwandiko ule ule.

Kwa hiyo twaziomba jumuiya zote kuleta majina ya vijana wetu walio mbali, Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, na ng'ambo ya mto Songwe. Kila anayesafiri apewe jina moja. Akifika, kabla ya kununua mabati, asimame, aulize. Akimpata, asianze kwa lawama. Amwite kwa jina lake, aketi naye, ale naye. Na kila Jumapili, kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, tuyasome majina hayo polepole, maana tukiyasoma kwa haraka yatapotea kama wale watu wa Paris.

Mama yule ameomba picha ibaki kanisani. Tumeibandika karibu na mlango, usawa wa macho, ili kila atokaye aone. Msitazame uzuri wake tu. Tafuteni kivuli chenye gunia begani, mmwombee.

Ee Bwana, uliyetuona toka juu ukashuka, utufundishe kusimama barabarani. Utuondolee haraka isiyo na upendo. Umlinde ndugu yetu usiku na mchana, na umrudishe kwetu. Wala asitukute tumefunga mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.