Fungu la Mtoto

Soma Kumbukumbu la Torati 25:4. Torati ilijali hata ng'ombe wa kupura nafaka, asinyimwe fungu lake. Mtoto wa mkulima, je?

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayosifika Tanzania kwa mavuno ya mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika mikoa hiyo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mahindi yamejaa ghalani. Mtoto anakosa maharage, mayai, maziwa na matunda.

Ni rahisi kumlaumu mama kwamba hajui lishe. Mara nyingi anajua (na wanaomlaumu huwa wameshiba). Huondoka alfajiri kwenda shambani, mtoto wa mwaka mmoja akibaki na dada yake wa miaka 8 na uji mweupe wa asubuhi. Yai lililotagwa uani huuzwa ili daftari lipatikane. Siku hiyo kipato cha nyumba kimeongezeka, na chakula cha mtoto kimepungua.

Fedha za mavuno nazo, ambazo mama amezitolea jasho, mara nyingi hupangwa na baba peke yake: mbolea, bati, deni la dukani. Bati si dhambi. Lakini bati laweza kungoja msimu mwingine. Ubongo wa mtoto haungoji, na miaka 2 ya kwanza ikipita, kilichopotea ni vigumu kurudishwa.

Mahindi yakiuzwa, ni nani nyumbani hutaja fungu la mtoto, na hulitaja kabla ya bati au baada yake?