Silaha Iliyositirika

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohukumu, mwaka 2022, kwamba raia ana haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda, suali limehama kutoka sheria hadi dhamiri. Bastola ndogo, mfano wa SIG Sauer P365 iliyotoka 2018, husitirika kiunoni chini ya shati pasi na kumtisha jirani, na hiyo ni fadhila. Lakini mtutu mfupi na uzani mwepesi huifanya iruke mkononi na kukosa shabaha, na risasi iliyopotea haichagui mwenye hatia. Aidha, silaha ya siri humtia ghururi mchukuzi wake, akathubutu palipohitaji subira. Kujilinda ni halali. Bali asiyeimiliki ghadhabu yake, bastola naye asiimiliki.