Simu Haimjulii Mtu Hali

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani na janga la korona, serikali ilitangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa umefungwa: hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15. Shule zilikwisha fungwa tangu Machi, kaunti nzima ikafungiwa mipaka Aprili, na misikiti ilikuwa kimya. Siku zile 15 ziliongezwa, Idi ikapita, hadi vizuizi vikaondolewa Juni. Mama yangu alikuwa Kibokoni, ndani ya mji huo, ghorofani, peke yake. Mimi na wanangu tulikuwa Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Mwendo mfupi wa matatu ukawa kama safari ya Maskati.

Anayeujua Mji wa Kale anajua tulichokosa. Barazani kuna wazee na kahawa yao, dirishani kuna jirani, na Ramadhani magharibi ikikaribia, sahani hupita nyumba kwa nyumba zimefunikwa kawa. Wachukuzi ni watoto. Mtoto anayepeleka kaimati kwa jirani hujifunza kupiga hodi, kuamkia, kungoja ajibiwe na kurudi na salamu. Hayo ndiyo malezi, na mwaka ule mlango wake ulifungwa.

Tukabaki na simu. Siku ya kwanza tulipompigia kwa video, mama aliibandika sikioni kama alivyozoea. Kwenye kioo tuliona sikio na pindo la mtandio. Mwanangu wa miaka tisa akamwambia taratibu, "Bibi, iweke mbele yako, nikuone." Akaiegemeza kwenye birika la chai, uso wake ukajaa kioo. Alinyamaza kitambo, kisha akamuuliza mjukuu wake kama amefunga. Tangu hapo, kila siku baada ya alasiri walipika pamoja: bibi akionyesha jinsi ya kuuminya unga wa kaimati kwa kiganja na kuudondosha kwenye mafuta, mjukuu akimfuatisha huku mimi nikilinda jiko. Mwisho wa Aprili WhatsApp ilikuwa imeongeza watu wa simu moja ya video kutoka 4 hadi 8, basi ndugu wa Lamu na wa London nao wakaingia. Mama akawa na nyumba iliyojaa tena, walau kwa nusu saa.

Lakini simu hiyohiyo ilitenda jingine nyumbani mwangu. Kazi ikinizidi mchana, nilimpa binti yangu wa miaka minne ili anyamaze. Alinyamaza kweli. Baada ya majuma mawili akawa haitiki akiitwa, na akipokonywa hulia kama aliyefiwa. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa umri wake asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Saa za binti yangu hazikuhesabika. Nilikuwa nikiuondoa upweke Kibokoni na kuupanda Kisauni.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka. Bibi alipigiwa simu. Mtoto alitupiwa simu. Upweke wa mama uliondolewa na mjukuu aliyeketi, akauliza, akangoja jibu. Binti yangu hakuwa na mtu upande wa pili wa kile kioo. Simu haimjulii mtu hali. Mtu ndiye anayemjulia mwenzake.

Basi wajibu wetu wazazi ni kuwafunza watoto simu kama tulivyofunzwa mlango. Mtoto ajue wakati wa kupiga, si wakati wa swala wala wa kulala. Aanze kwa kuamkia. Aulize hali na asikilize mpaka mwisho, hata kama bibi anakirudia kisa cha jana. Asikate kabla mkubwa hajaaga. Ajue zamu yake: Ijumaa ampigie shangazi anayeugua, Jumapili mwenzake aliyehama. Pesa ya bando tuitenge kama ya kitoweo, kwani kuunga udugu kuna gharama. Mzee asiye na simu ya video apigiwe ya sauti. Sauti ya mjukuu inatosha. Na sisi tuketi kando yao, kwani mtoto hufuata akionacho, na mzazi anayejifungia na simu yake hana la kumkataza mwanawe.

Sasa Mji wa Kale uko wazi, na hatari imegeuka. Ni rahisi kusema "nilimpigia" na kuhesabu deni limelipwa. Simu ilitufaa pale njia ilipofungwa. Njia ikiwa wazi, kazi yake ni kuitangulia miguu.

Ijumaa iliyopita mwanangu, ambaye sasa ni kijana, alimpigia bibi yake kumuuliza amletee nini kutoka soko la Marikiti. Bibi alitaka tangawizi na nazi mbili. Akazinunua, akashuka nazo Kibokoni, akapiga hodi.