Saa 3:12 Usiku

Mwezi wa Januari, hapa Nyasho, zile nyota tatu zilizojipanga mstari hupita karibu kabisa na utosi. Ukisimama uani saa nne na nusu usiku, inabidi ukunje shingo mpaka iume. Upande wao wa kusini kuna wingu la gesi ambalo mwanga wake unasafiri miaka kama 1,300 kutufikia. Nilitaka picha yake. Moja tu, nzuri, ya kuweka sebuleni.

Nilichagua usiku usio na mwezi, ule ule wanaoutaka wavuvi wa dagaa. Wao taa zao zilikuwa zimejaa ziwani, kazi inakwenda. Yangu haikwenda.

Dunia inazunguka, hivyo nyota zinasogea nyuzi 1 kila baada ya dakika 4. Ukiacha kamera wazi sekunde 60 bila kuzifuata, kila nyota inatoka kama kijiti. Darubini yangu ina mota ya kuzifuata, ila mhimili wake lazima uelekee pale ambapo anga lote linazungukia. Kitabu cha maelekezo kinasema tafuta Nyota ya Kaskazini. Aliyekiandika alikuwa anawaza watu wa Ulaya. Musoma tuko nyuzi 1.5 hivi kusini mwa ikweta, na nyota hiyo kwetu imezama chini ya upeo. Ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu mno, halafu kwangu imejificha nyuma ya bati la jirani. Basi nikategemea dira ya simu.

Picha zikatoka vijiti. Kama saa nne, mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alipita na ndoo kwenda kuchota maji. Nilipoangalia kamera baadaye na kuona vijiti, nikajua moja kwa moja: huyu kapiga teke mguu wa stendi. Nikamwita. "Mjomba, sikuigusa." Nikamwita mzembe, nikamwita mwongo, mbele ya bibi yake. Akainamisha kichwa, akaenda kulala.

Usiku wa pili nilimkataza kutoka uani. Vijiti tena.

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho wenye ujuzi wanashauri kwa sisi wa ikweta. Unalenga nyota iliyo juu kabisa, unaacha mota ifanye kazi, halafu unatulia na kuangalia nyota inakimbilia wapi. Ikienda kaskazini au kusini, mhimili umekosea upande. Kinachochosha ni kwamba hutakiwi kugusa kitu. Unaiacha ikosee vizuri, dakika tano, dakika kumi, ndipo unasogeza kidogo na kuanza upya. Nilisogeza, nikasogeza tena, mpaka mhimili ukawa mbali sana na pale dira iliponiambia. Nikaishika simu, nikafunua kava lake, na mshale wa dira ukageuka mbele ya macho yangu. Kava lina sumaku. Jamani.

Mpaka hapo ningeweza kusema nilikosea tu, nani asiyekosea. Sikujua habari ya sumaku. Lakini kamera huandika saa kwenye kila picha. Nilirudi kwenye picha za usiku wa kwanza, na ya kwanza kabisa ilipigwa saa 3:12. Vijiti. Mtoto alikuwa bado ndani. Ushahidi wa kumwachilia ulikuwa shingoni mwangu, unaning'inia kwa mkanda, wakati namwita mwongo.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Nicomachean Ethics, anasema watunga sheria humwadhibu hata asiyejua, iwapo kutojua kwenyewe kumetokana naye, na mlevi adhabu yake huwa mara mbili. Mimi sikulewa. Nilichoka, kulikuwa na giza, na mwenye kosa wa kuonekana kwa macho alikuwa anapita na ndoo. Nikijiuliza kwa uaminifu, je, nilisahau kuangalia saa za picha, au sikutaka kuziangalia? Nadhani sikutaka. Dira haiwezi kuinamisha kichwa. Mtoto anaweza, na kile kichwa kilichoinama kilinipa nafuu fulani ambayo leo naionea aibu.

Dada yangu alinishauri nisikuze mambo. Eti mtu mzima hamwombi mtoto radhi, mnunulie soda yaishe. Nikanunua.

"Ya nini hii, mjomba?"

Nikasema ya joto. Akafungua, akanywa nusu. Ndipo nikaona naongeza uongo juu ya uongo niliomsingizia. Nikaleta kamera, nikamwonyesha picha ya kwanza na saa yake, nikamwambia, "Hukuigusa. Nilikuwa nayo hii usiku ule ule, sikuiangalia. Nisamehe."

Akaitazama muda mrefu.

"Bibi umeshamwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nikavaa kandambili, nikaenda jikoni.