Ushahidi wa Mgeni

Safari ni chuo kisicho na kuta. Mtu ambaye hajatoka kwao hudhani kwamba desturi za mji wake ndizo kanuni za dunia, na kwamba adabu na utovu wa adabu hupimwa kila mahali kwa kipimo cha nyumbani kwake. Akisafiri hupunguziwa kiburi hicho. Lakini safari zenyewe ni za namna mbili. Yuko msafiri aendaye kwa miguu yake na kuuliza njia kwa ulimi wake. Akapotea, akarudi, akapata. Na yuko msafiri achukuliwaye: hupokewa, huhesabiwa, hupakiwa garini, huonyeshwa, hulishwa, kisha hurudishwa. Swali la insha hii ni hili: mtu aliyeongozwa ameona nini, na akirudi kwao anayo haki ya kushuhudia nini?

Tumfikirie mtu wa Garissa anayekwenda Uchina kwa mara ya kwanza katika kundi la watalii. Jina la Uchina si geni masikioni mwake. Chupa inayohifadhi moto wa chai yake na simu iliyo mkononi mwake huenda vimetoka huko. Na nje ya mji wake uko mtambo wa umeme wa jua wa zaidi ya megawati 50, uliojengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Uchina, ukafunguliwa rasmi mwaka 2019. Basi kazi za mikono ya Wachina anazijua. Wachina wenyewe hawajui. Anashuka Beijing, na mbele yake amesimama kijana mwenye bendera ndogo, Kiingereza chake kizuri na ucheshi wake tele. Tangu saa hiyo mgeni wetu huifuata bendera ile kama kifaranga amfuatavyo mamaye. Huifuata katika jumba la wafalme lililokamilika mwaka 1420, ambamo zamani mtu wa kawaida hakuruhusiwa kutia mguu. Huifuata katika ngazi za Ukuta Mkuu huko Badaling, na magoti yake yaliyozoea nchi tambarare yakatetemeka. Huifuata katika duka la hariri na katika nyumba ya chai. Akiingiwa na wasiwasi juu ya nyama ya nguruwe, kiongozi humpeleka mtaa wa Niujie, ambako msikiti wa kale umeezekwa kwa mtindo wa Kichina. Na mgeni hustaajabu kuona sijida ile ile ya kwao chini ya boriti zilizotiwa nakshi za nchi nyingine. Baada ya siku kumi hurudi nyumbani. Jirani humwuliza, "Uchina kukoje?" Naye hujibu pasipo kusita, "Wachina ni watu wa namna hii, na nchi yao iko namna hii." Hapo ndipo shauri letu linapoanza.

Si haki kumdharau kiongozi wa wageni. Kazi yake ni ya kale na ya heshima, na watu wa pembe hii ya Afrika waliijua kabla ya wengi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulikabili kwa mashua, kila mmoja amechukua chakula kilichofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Aliyemnunulia mgeni mali kwa bei ya kupunja, au kumwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake haikukubaliwa. Mtu mmoja tu aliachwa huru: yule aliyekuja mara nyingi na kuwajua wenyeji, yeye alishukia apendapo. Desturi hii ilidumu kwa Wasomali karne nyingi, na mwenyeji wa namna hiyo huitwa abbaan. Alikuwa ngao ya mgeni, ulimi wake na dalali wake.

Wenye mji wa Mogadishu walielewa jambo kubwa: mara ya kwanza mtu hana budi kuongozwa. Mgeni ni kuku mweupe. Kila jicho humwona, naye hamwoni mtu. Anayejivuna kwamba hahitaji kiongozi katika nchi ambayo hawezi kusoma hata kibao cha choo, huyo hana ushujaa bali ana upumbavu.

Lakini kiongozi naye ni mwanadamu. Ana tumbo, ana mkubwa wake, na ana nchi anayoipenda. Kila kimoja katika hivi vitatu hugeuza shingo ya mgeni kuelekea upande fulani. Tumbo humpeleka katika duka ambalo kiongozi hupata fungu lake kwa kila kitu kinachonunuliwa. Jambo hilo lilizidi Uchina hata serikali ikatunga Sheria ya Utalii, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013, ikikataza kuwavuta watalii kwa bei ya chini kupita kiasi ili wakakamuliwe madukani. Hasara ya namna hii ni ya mfuko tu, na mwenye kuipata huwahi kucheka. Hasara itokayo kwa mkubwa wa kiongozi na kwa mapenzi ya nchi ni nzito zaidi, kwa kuwa huharibu kweli.

Tazama mfano huu. Kati ya mwaka 1959 na 1961 Uchina ilipigwa na njaa ambayo ni miongoni mwa njaa kuu kabisa katika historia ya wanadamu. Wataalamu hutofautiana katika hesabu ya waliokufa, tangu milioni 15 hadi milioni 45. Mwaka 1960 Edgar Snow, mwandishi wa Marekani aliyeijua Uchina tangu ujana wake, alizunguka huko miezi mitano. Akaandika kwamba hakuona watu wanaokufa kwa njaa. Mwaka 1961 François Mitterrand, ambaye baadaye alikuwa rais wa Ufaransa, alifika akaonana na Mao Zedong. Naye akarudi akisema kuwa njaa haipo. Watu hawa hawakuwa wajinga, wala haitupasi kuwaita waongo. Walipelekwa mahali palipochaguliwa, wakala katika meza zilizoandaliwa, wakasema na watu waliojua la kusema. Macho yao hayakuwadanganya hata kidogo. Kosa lilikuwa katika hatua moja ndogo: kutoka kusema "sikuona" mpaka kusema "halipo." Hatua hiyo ni fupi kama upana wa kizingiti, lakini ng'ambo yake yalilala mamilioni ya maiti.

Wazee husema nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Methali hii huwahusu wenye kusifu, na huwahusu pia wenye kulaumu. Sisi wa Kaskazini Mashariki tunaijua vizuri, maana nasi tumetazamwa na wageni walioongozwa. Sheria ya wakoloni ilizuia watu kuingia na kutoka katika wilaya hizi pasipo kibali. Na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1963 haikuondolewa hata mwaka 1991. Kwa hiyo Mkenya wa bara alitujua kwa masimulizi ya waliopita na walinzi. Kisha ikaja Dadaab, ambayo kambi zake zilianza mwaka 1991. Wakati wa ukame wa mwaka 2011, wakimbizi walipopita 400,000, wageni walishuka kwa ndege asubuhi, wakapita katika njia zilizopangwa, wakapiga picha za watoto waliodhoofu, na jioni wakaondoka. Picha zile zilikuwa za kweli, na zilileta chakula. Lakini wangapi waligeuza uso wakamwuliza mfugaji aliyekaa kando ya kambi, ambaye ng'ombe wake walikufa katika ukame ule ule? Wangapi walioisikia Garissa kwa ajili ya msiba wa chuo kikuu wa tarehe 2 Aprili 2015, uliochukua roho za watu 148, walitaka kujua pia habari za mashamba ya maembe ya ukingoni mwa Tana, au soko la mifugo, au watoto wanaosoma Kurani alfajiri kabla ya kwenda shule? Kama tunaumia kuhukumiwa kwa siku moja ya wageni wetu, kwa haki gani tunawahukumu Wachina kwa siku kumi za wageni wao?

Huenda msomaji akauliza: je, mwenyeji hana haki ya kusitiri? Anayo. Mgeni akija, tunafagia ua, tunatandika mkeka mpya, na ugomvi wa mume na mke unanyamazishwa mpaka aondoke. Huo si uongo, ni staha. Ila kuna mpaka kati ya sitara na hila. Sitara huficha aibu ambayo kujulikana kwake hakumfai mtu yeyote. Hila huficha dhiki ambayo kujulikana kwake kungemponya mwenye kudhikika. Anayemficha mgeni sufuria iliyotoboka amejiheshimu; anayemficha mgeni mtoto mwenye njaa, huku mgeni ana uwezo wa kumlisha, amemdhulumu mtoto. Mwenyeji auchunge mpaka huu, awe wa Beijing au wa Garissa. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone haina maana ikiwa ugonjwa wa mwenyeji umefungiwa chumba cha ndani.

Tena pazia si la kiongozi peke yake. Liko jingine tunalotoka nalo nyumbani. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga, na Wachina wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao. Mtoto wa Bour-Algi, karibu na Garissa, angeshangaa sana, kwa kuwa yeye humwona twiga kila mara akila majani ya mgunga. Hapana aliyewadanganya Wachina. Waliona walichokuja nacho moyoni. Vivyo hivyo anayekwenda Uchina akiwa ameazimia kustaajabu atastaajabu, na aliyeazimia kudharau atapata cha kudharau, hata kiongozi awe mkweli namna gani.

Basi impasayo msafiri aongozwaye si kukaa nyumbani, wala si kumtoroka kiongozi wake. Impasayo ni kupima maneno yake. Aseme, "Nilionyeshwa hiki," pale alipoonyeshwa, aseme, "Nilikiona mwenyewe," pale alipokiona, na kwa yaliyobaki aseme, "Sijui." Mahakamani shahidi huulizwa alisimama wapi na alikuwa mbali kiasi gani, na hapana anayedhani kwamba anatukanwa kwa kuulizwa hivyo. Jirani amwulize msafiri maswali hayo hayo, na msafiri ayajibu kwa moyo mweupe. Na Mungu akimjalia kurudi mara ya pili na ya tatu, ajifunze maneno machache ya wenyeji, awajue watu kwa majina yao. Ndipo atakapokuwa kama wale wa Mogadishu ya kale, walioachiwa washukie wapendapo. Haki ya kuisemea nchi ya watu hainunuliwi pamoja na tiketi. Hupatikana kidogo kidogo, kwa subira, kutoka kwa wenye nchi.